Efeso kwa nusu siku: magofu, Nyumba ya Maria na kaburi la Mtume Yohana

Efeso ya Biblia wengi huitafuta Ugiriki. Iko Uturuki, upande wa magharibi, nje kidogo ya mji mdogo wa Selçuk: kilomita 20 hivi kutoka bandari ya Kuşadası ambako meli za kitalii hutia nanga, na kama 60 kutoka uwanja wa ndege wa İzmir. Aliye na asubuhi moja tu anaweza, kwa saa tano na nusu, kuona mahali panne bila kukimbizana: Nyumba ya Bikira Maria mlimani, magofu ya mji wenyewe, mabaki ya hekalu la Artemi, mungu wa kike wa Waefeso wa kale, na kanisa lililojengwa juu ya kaburi la Mtume Yohana. Mpangilio ukikosewa, au dakika zikiibiwa, mojawapo litaachwa.

Na dakika huibiwa kweli. Safari nyingi za nusu siku zinazouzwa kule zina kituo cha duka la mazulia au la nguo za ngozi. Chai inamiminwa, mazulia yanatandazwa, dakika 45 zinakwisha. Kanisa la Yohana linahitaji dakika hizo hizo 45. Kwa hiyo mahujaji huondoka wakijua namna uzi wa hariri unavyovutwa, ilhali walipita mita mia chache kutoka kaburi la mtume wasilione. Jambo hilo hurekebishwa kabla ya kulipa. Ukishapanda basi umechelewa.

Kukubaliana na mwongozaji

Uturuki mwongoza watalii lazima awe na leseni ya serikali, na akiwa kazini huvaa kitambulisho chake shingoni. Dereva, hata awe mzungumzaji hodari, haruhusiwi kuwaongoza ndani ya magofu, atawaacha langoni. Basi uliza mapema kama bei inajumuisha mwongozaji mwenye leseni au ni gari na dereva tu, maana matangazo mengi hayasemi wazi.

Makubaliano yaandikwe kwenye ujumbe, ili siku yenyewe uwe na cha kuonyesha. Taja mahali panne kwa majina yake ya kule: Meryem Ana, Efes, Artemis, na St. Jean. Taja kwamba hakuna duka. Taja kwamba basi litawashusha lango la juu la magofu na kuwasubiri lango la chini. Halafu uliza tiketi zipi zimo ndani ya bei, kwa kuwa hapa ndipo watu hugombana na dereva njiani. Efeso ina tiketi yake. Nyumba za mteremkoni, zilizo ndani ya magofu hayo hayo, zina tiketi ya pili. Kanisa la Yohana lina yake. Nyumba ya Maria haiko chini ya idara ya makumbusho, kwa hiyo kadi ya makumbusho inayofungua milango mingine haifanyi kazi pale. Hekalu la Artemi ni bure. Mwaka 2024 kiingilio cha Efeso peke yake kwa mgeni kilikuwa euro 40, na bei hizi hupanda mara kwa mara. Kundi la watu 30 likikosea hapa ni pesa nyingi. Kila mtu awe pia na lira kidogo taslimu kwa mishumaa, choo na maji.

Usitarajie mwongozaji wa Kiswahili. Kiingereza kipo kila mahali, lakini kwa kundi la hija hicho hakitoshi. Chagua wasomaji watatu au wanne kabla ya kusafiri, kila mmoja na mahali pake, wasome neno kwa Kiswahili papo hapo. Mwongozaji aelezwe tangu asubuhi kwamba kila kituo kina dakika tano za kusoma na kusali. Akijua, atazitenga. Asipojua, atawakatisha katikati.

Mpangilio wa asubuhi

Saa za Uturuki ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam mwaka mzima, kwa hiyo hakuna kurekebisha saa ya mkononi. Saa zote hapa ni za Kiswahili.

Ondokeni Kuşadası saa 1:30 asubuhi, mpande moja kwa moja hadi Nyumba ya Maria. Watu wengi huanzia magofuni, na hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, nyumba yenyewe ni chumba kidogo: mabasi matano yakifika kwa pamoja, mtasimama foleni nusu saa kwa dakika moja ya ndani. Pili, barabara ya mlimani ndiyo ipitayo kwenye lango la juu la Efeso, hivyo mkishuka kutoka kwa Maria mnaingia magofuni kwa upande ufaao, bila kuzunguka. Fikeni mlimani karibu saa 2, mkae dakika 50. Saa 3 na dakika chache muwe lango la juu. Tengeni saa mbili kamili za kuteremka mji. Saa 5:15 basi liwachukue lango la chini, mpite kwenye nguzo ya Artemi kwa dakika kumi, na saa 5:40 muwe kwa Yohana. Saa 6:30 mchana mmemaliza. Saa 7 mko Kuşadası.

Wanaotoka kwenye meli waache angalau saa moja na nusu kati ya kurudi bandarini na muda wa mwisho wa kupanda. Wanaolala Selçuk wana raha zaidi, kwa kuwa kila kitu kiko ndani ya kilomita 10. Ila wajue kwamba mabasi madogo ya abiria, yaitwayo dolmuş, hayapandi hadi Nyumba ya Maria. Huko ni teksi au gari la kukodi, na bei ya kwenda, kusubiri na kurudi ikubaliwe kabla ya kuondoka.

Meryem Ana, nyumba ya mlimani

Nyumba iko kwenye kilima cha Bülbüldağı, zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, kati ya miti. Asubuhi kuna baridi hata Mei. Mzee asikose sweta. Kutoka maegesho ni mwendo mfupi kwenye njia nzuri.

Mahujaji wanastahili kuelezwa ukweli wa mahali hapa, nao haupunguzi ibada. Yesu msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, naye "akamchukua nyumbani kwake", Yohana 19:27. Mapokeo ya kale yanasema Yohana aliishi na kufa Efeso. Kutoka hapo watu wakaona kwamba huenda Maria naye alikuja huku. Nyumba hii ilitambuliwa mwaka 1891, wakati mapadre wa shirika la Walazaristi wa İzmir walipofuata maelezo ya maono ya mtawa Mjerumani, Anne Catherine Emmerich, aliyefariki 1824 na ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hii. Yerusalemu nayo ina kanisa la kaburi la Maria, katika bonde la Kidroni. Kanisa Katoliki halijatamka rasmi kwamba hapa ndipo, ila limekubali pawe mahali pa hija, na mapapa watatu wamesali hapa: Paulo VI mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979 na Benedikto XVI mwaka 2006. Mwongozaji akisema "imethibitishwa", amevuka mpaka.

Ukutani kwa nje tafuta mstari mwekundu. Chini yake ni sehemu ya kale iliyokutwa. Juu yake ni ujenzi wa kurejesha. Ndani hakuna kupiga picha wala kuzungumza. Foleni huingia mlango mmoja na kutokea mwingine, kwa hiyo anayetaka kusali rozari nzima aisali nje kwenye viti, mle ndani aache nia yake tu. Mishumaa huwashwa nje, kwenye masanduku ya mchanga. Chini ya ngazi kuna mabomba ya maji ya chemchemi. Watu hujaza chupa. Ukichota zaidi ya mililita 100 iweke kwenye mzigo mkubwa, kwa sababu kwenye begi la mkononi itachukuliwa uwanjani. Karibu na hapo kuna ukuta uliofunikwa na vipande vya karatasi na vitambaa vyenye maombi.

Mtashangaa kuona Waislamu wengi. Maria ni Bibi Mariamu, mwenye sura yake katika Qur'ani, na Waturuki huja kumheshimu. Nguo ya staha ni adabu kwa wote.

Kundi lenye padre linaweza kuomba nafasi ya kuadhimisha Misa. Iombwe wiki kadhaa kabla, na padre abebe barua ya utambulisho kutoka jimboni kwake. Misa ikiwemo, dakika 50 hazitoshi: ongeza 40, na uziondoe kwenye nyumba za mteremkoni. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa, umati ni mkubwa mno. Hiyo ni siku ya hija, na hesabu ya nusu siku haifanyi kazi.

Kuteremka Efeso

Mji uko bondeni kati ya vilima viwili, na barabara yake kuu inashuka kutoka lango la juu hadi lango la chini. Ukianzia chini utapanda mteremko juani kisha urudi njia ile ile, karibu maradufu ya mwendo. Hili hutokea dereva anapotaka kuegesha mahali pamoja. Mkatalie.

Vyoo viko malangoni tu, kivuli ni haba. Kila mtu apite chooni lango la juu na abebe lita moja ya maji. Julai na Agosti lita moja na nusu, na kofia yenye ukingo. Viatu viwe vya soli ya mpira yenye makucha. Marumaru ya barabarani imelainishwa na miguu ya karne nyingi, na ikinyeshewa ni kama sabuni. Kandambili na viatu vya kanisani ndivyo huwaangusha watu, hasa kwenye mteremko wa Barabara ya Kuretes.

Sehemu ya juu, yenye ukumbi mdogo wa baraza na soko la serikali, ipiteni kwa dakika 20. Mwongozaji mwenye mapenzi ya historia atataka kukaa hapo nusu saa wakati miguu bado ina nguvu, na mtaulipia muda huo mwishoni. Mkifika Lango la Herakle, simameni: kutoka hapo mnaona Barabara ya Kuretes yote ikishuka hadi Maktaba ya Celsus. Hii ndiyo picha ya kundi, na ipigwe hapa, kwa kuwa chini kwenye maktaba hakuna nafasi.

Njiani kuna hekalu dogo la Kaisari Hadriani, na vyoo vya umma vya mawe ambavyo kila mtu hucheka akiviona. Upande wa kushoto ni nyumba za mteremkoni, makazi ya matajiri, sasa chini ya paa kubwa, zenye michoro ya ukutani na sakafu za vijiwe vya rangi. Ni nzuri sana. Zina ngazi nyingi na zinakula dakika 40. Kwa hija ya nusu siku, ziache. Kwa kundi la wanafunzi wa historia, acha Artemi.

Maktaba ya Celsus ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2, mtoto akimjengea baba yake kaburi na maktaba kwa pamoja. Uso wake uliinuliwa upya na Waaustria katika miaka ya 1970. Sikiliza hapa kwa makini, kwa sababu hapa ndipo makosa huuzwa: Paulo hakuiona maktaba hii. Alikuwa Efeso katika miaka ya 50, zaidi ya nusu karne kabla haijajengwa. Alichoweza kukiona ni lango lenye matao matatu lililo ubavuni mwake, la Mazeus na Mithridates, ambalo lilisimama tangu zama za Kaisari Augusto. Mtu anayetaka kusimama mahali ambapo Paulo huenda alipita asimame chini ya matao hayo. Lango linafungukia soko la biashara. Paulo mwenyewe aliishi kwa kazi ya mikono, na katika mji huu huu alifundisha kila siku katika darasa la Tirano kwa miaka miwili, Matendo 19:9-10. Darasa hilo lilikuwa wapi, halijapatikana.

Mbele ni ukumbi mkuu wa maonyesho, uliochongwa kwenye ubavu wa kilima na unaokadiriwa kuchukua watu 25,000. Someni hapa Matendo 19:23-41. Demetrio mfua fedha anawachochea mafundi, mji unajaa ghasia, watu wanapiga kelele kwa saa mbili, "Artemi wa Waefeso ni mkuu". Wengine watawaambia Paulo alihubiri jukwaani hapo. Andiko linasema kinyume: alitaka kuingia, wanafunzi hawakumwachia. Gayo na Aristarko ndio walioburutwa ndani. Mkitaka kuimba, ubeti mmoja kwa sauti ya wastani unatosha kusikia jinsi mawe yanavyoirudisha sauti. Walinzi hawapendi kelele, na makundi mengine yanasikiliza. Sehemu za ukumbi hufungwa mara kwa mara kwa ukarabati, basi msomaji awe tayari kusoma akiwa chini barabarani.

Kutoka ukumbini barabara pana yenye nguzo inaelekea bandarini, lakini mbele yake hakuna bahari. Mto Küçük Menderes ulileta tope karne baada ya karne, bandari ikajaa, na mji uliokuwa wa meli ukabaki nchi kavu. Hapa panafaa Ufunuo 2:1-7, barua kwa kanisa la Efeso lililouacha upendo wake wa kwanza.

Kabla ya kutoka, dai dakika 15 za Kanisa la Maria. Liko pembeni ya njia ya kutokea, karibu na lango la chini, na waongozaji wengi hulipita kwa kuwa halina nguzo za kupigia picha. Hapa ndipo mapokeo yanapoweka Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431, uliotamka kwamba Maria aitwe Mama wa Mungu, dhidi ya mafundisho ya askofu Nestorio. Kila anayesali "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu" anatamka neno lililopiganiwa katika mji huu. Birika la ubatizo bado lipo.

Nje ya lango la chini mtakutana na wauzaji wa "sarafu za kale". Nyingi ni za kughushi. Iwapo moja ni ya kweli, kuitoa nchini ni kosa la jinai. Ndivyo ilivyo pia kwa kipande cha marumaru kilichookotwa njiani kama kumbukumbu: mikoba hupekuliwa uwanjani, na watu hukamatwa kwa ajili ya jiwe la ukubwa wa kiganja. Waambie wazee wa kundi jambo hili mapema, na ulirudie.

Artemi na Yohana

Hekalu la Artemi lilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale. Kilichobaki ni nguzo moja, iliyounganishwa kwa vipande, imesimama kwenye uwanja wenye maji, mara nyingi korongo wametaga juu yake. Dakika kumi zinatosha. Mkisimama mahali panapofaa mtaona nguzo mbele, Msikiti wa İsa Bey wa mwaka 1375 nyuma yake, na juu kilimani kanisa la Yohana na ngome.

Kanisa hilo liko kilima cha Ayasuluk, ndani ya Selçuk. Kaisari Justiniani alilijenga karne ya 6 juu ya kaburi lililokuwa likiheshimiwa tangu awali, likiwa na umbo la msalaba na kuba sita. Leo ni kuta na nguzo chini ya anga. Kaburi lina bamba la marumaru na nguzo nne pembeni. Hakuna sanamu wala mapambo, na asiyeambiwa anaweza kulipita. Upande wa kaskazini kuna birika la ubatizo lenye ngazi pande mbili: mkatekumeni alishuka upande mmoja akapanda upande mwingine. Anayefundisha katekesi akae hapo kidogo, hakuna picha ya kitabu inayofundisha vizuri kuliko ngazi zile.

Someni 1 Yohana 1:1-4 kaburini. Saa 6 mchana makundi mengi yako dukani au mezani, kwa hiyo mara nyingi mtakuwa peke yenu. Sakafu ni ya kokoto na mawe yasiyo sawa, na kutoka maegesho kuna mwinuko. Mwenye goti bovu ashikwe mkono.

Asiyeweza kutembea sana asiachwe hotelini. Kwa Maria njia ni rahisi. Magofuni, ashuke na basi lango la chini wakati wenzake wanateremka, aende taratibu hadi ukumbi mkuu, ambako njia ni tambarare, awakute hapo wakati wa somo. Mtu mmoja abaki naye, na dereva aambiwe tangu asubuhi.

Zikibaki dakika 20 na kundi lina Waislamu, Pango la Walalao Saba liko karibu, ubavuni mwa kilima cha Panayır. Ni vijana ambao Wakristo wa kale waliwasimulia na ambao Surat Al-Kahf inawataja kama watu wa pangoni. Miji mingine kadhaa inadai pango hilo ni lake. Pamezungushiwa uzio, mara nyingi watu hutazama kwa nje tu. Kama wote ni Wakristo, dakika hizo zipelekeni kwa Yohana.